Mfumo haukosei

Mwaka 2003, katika kijiji cha South Warnborough kusini mwa Uingereza, mwenye duka mmoja aitwaye Jo Hamilton alifunga hesabu akakuta shoti ya pauni 2,000. Ndani ya duka lake mlikuwa na dirisha la posta, na hesabu za posta zilipita kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Akapiga simu ya msaada. Wa upande wa pili akamwelekeza abonyeze hapa, kisha abonyeze pale. Alipomaliza kubonyeza, shoti ilikuwa imefika pauni 4,000.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa anaujua ubaridi unaoingia tumboni pale salio la kwenye simu na noti za kwenye droo zinapokataa kukubaliana. Mkuu wa posta ndogo kule Uingereza hana tofauti kubwa na wakala wa kwetu. Hajaajiriwa, duka ni lake, mfumo ni wa wakubwa, na mkataba unasema upungufu wowote ataubeba yeye. Mama Hamilton aliubeba. Akalipa, akaiweka nyumba rehani upya, akakopa, na mwishowe akawa anasaini hesabu zinazoonyesha kwamba mambo yako sawa, maana asiposaini dirisha halifunguki kesho yake. Mwaka 2008 alihukumiwa baada ya kukiri kughushi hesabu, ili shtaka la kuiba pauni 36,000 liondolewe na aepuke jela.

Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wa aina yake walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotoka Horizon. Wengi walishtakiwa na Shirika la Posta lenyewe, ambalo kule lilikuwa na uwezo wa kupeleleza na kuendesha mashtaka kwa jina lake: mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka ni mtu mmoja aliyebadilisha koti. Wengi waliopiga simu waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama lao. Seema Misra alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito. Lee Castleton wa mji wa Bridlington aliamua kubishana mahakamani bila wakili. Mwaka 2007 akashindwa dai la takriban pauni 26,000, akatwishwa na gharama za kesi za pauni 321,000. Akafilisika.

Desemba 2019, baada ya wadai 555 wakiongozwa na Alan Bates, aliyewahi kuwa mkuu wa posta ndogo kama wao, kufungua shauri la pamoja, Jaji Fraser aliandika kile ambacho hakuna mahakama iliyokuwa imetaka kukisikia: Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuzaa shoti hewani, na mafundi wa Fujitsu, kampuni iliyoutengeneza mfumo, waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi wakiwa mbali na kuzigusa bila mwenye tawi kujua. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia za watu 39 kwa siku moja. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta nyingine kwa jumla. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Julai 2025, inasema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huu.

Kesi hizi nimezifuatilia kwa miaka kadhaa, kama wakili mwenye ofisi ndogo Dar es Salaam anayeishi kwa mashauri ya madai na jinai za kawaida, na programu mbovu siyo inayoninyima usingizi. Programu mbovu zimejaa duniani. Kinachonisumbua ni mahakama. Wale ni watu wenye mila ya karne nyingi ya kutomwamini shahidi mpaka ameapa, amesimama, amedodoswa akatokwa jasho. Ilikuwaje wakampitisha huyu mmoja bila swali?

Jibu lina tarehe. Kifungu cha 69 cha sheria yao ya polisi na ushahidi wa jinai ya mwaka 1984 kilisema kwamba karatasi iliyotoka kwenye kompyuta haipokelewi mpaka anayeileta aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kilikuwa kifungu cha kero. Waendesha mashtaka walikilalamikia, mawakili wa madereva walevi wakakitumia kila walipoishiwa hoja. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya kule ililazimika kuamua kesi ya kipima pombe ambacho saa yake ya ndani ilikuwa imepotoka kwa zaidi ya saa nzima. Kipimo cha pombe chenyewe kilikuwa sahihi, kwa hiyo ushahidi ukapokelewa, na sidhani kama kuna mtu wa akili anayepinga uamuzi ule. Lakini mwaka huohuo Tume ya Kurekebisha Sheria ikapendekeza kifungu chote kiondolewe. Kikafutwa na sheria ya mwaka 1999, na ufutaji ukaanza kufanya kazi Aprili 2000. Kuanzia hapo ikarudi dhana ya zamani: mashine inahesabiwa kuwa ilikuwa nzima mpaka anayepinga aonyeshe kwamba ilikuwa mbovu.

Sasa tazama kalenda. Miezi hiyohiyo mafundi walikuwa wanafunga Horizon posta moja baada ya nyingine.

Ile dhana ilizaliwa enzi za saa za ukutani na taa za barabarani. Taa ikiharibika mtaa mzima unaona. Mfumo wa hesabu wenye matawi maelfu unaweza kukosea kwenye tawi moja, Jumanne moja, kwa sababu laini ya mawasiliano ilikatika katikati ya muamala, halafu ukaendelea kuwa sahihi kwa wengine wote. Na ushahidi wa kosa hilo anao nani? Anao mwenye mfumo. Mshtakiwa anaambiwa athibitishe kwa nyaraka ambazo ziko kwenye kabati la anayemshtaki.

Huku kwetu sheria zilipita njia nyingine, na njia yenyewe ina vichekesho vyake.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 na ile ya Kenya ni watoto wa sheria moja ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen miaka minne kabla simu haijapewa hataza. Stephen alijua karatasi, wino, mihuri na vitabu vya benki vyenye majalada ya ngozi. Ndiyo maana mwaka 2000, Trust Bank ilipomdai mteja wake Le-Marsh Enterprises mbele ya Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, ubishi uliozuka ulikuwa kama karatasi iliyochapwa na kompyuta ni "kitabu cha benki". Jaji Harold Nsekela akasema ndiyo. Alikuwa na sababu ya kawaida tu: benki zilikwishaacha kuandika kwa mkono, na sheria ikikataa kuliona hilo hakuna benki itakayoweza kudai deni. Bunge lilichukua miaka saba zaidi kuliweka jambo hilo kwenye maandishi, kwa marekebisho ya mwaka 2007. Miaka minane mingine ikapita, ndipo tukapata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015.

Kenya ilikuwa imetangulia. Mwaka 2009 iliingiza kwenye sheria yake kifungu cha 106B, kinachotaka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kilichosainiwa na mtu mwenye wajibu juu ya kifaa husika, akieleza kumbukumbu ilivyotengenezwa na kifaa ni kipi. Kifungu hicho kilitoka India, ambako kiliingia mwaka 2000. India nayo ilikichukua, karibu kama kilivyo, kutoka sheria ya Uingereza ya ushahidi wa madai ya mwaka 1968. Na Waingereza walikuwa wamekwishakitupa tangu 1995. Ni suruali ya mtumba: imevaliwa London, ikavaliwa Delhi, ikafika Nairobi ikiwa na vifungo vyote. Wanasheria wenzangu wa Kenya huicheka, hasa pale hakimu anapokataa picha za kamera ambazo kila mtu ameziona kwa macho yake, kisa cheti hakipo. Mimi siicheki tena. Jina la mtu lililoandikwa chini ya cheti ni jina la mtu unayeweza kumwita mahakamani.

Sheria yetu ya 2015 haitaki cheti. Kifungu cha 18 kinasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kisha kinamwachia hakimu aupime uzito kwa kuangalia namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama ulibaki bila kuguswa, na aliyeutuma alitambulikaje. Kuhusu dhana ya mashine nzima, kwetu ipo, ila haianzi yenyewe: njia ya kwanza iliyotajwa ni pawe na ushahidi kwamba mfumo ulikuwa sawa wakati wote unaohusika. Kwenye karatasi, hapo tumewashinda Waingereza. Yule wa posta angekuwa Tanzania, upande wa mashtaka ungetakiwa kwanza useme kitu kuhusu afya ya Horizon.

Kwenye karatasi.

Miaka michache iliyopita nilimtetea binti aliyekuwa anauza kwenye kibanda cha wakala. Tajiri wake alikuwa na vibanda vitatu. Asubuhi moja floti ilikuwa pungufu kwa kiasi ambacho binti yule asingeweza kukilipa hata kwa mshahara wa mwaka mzima, na taarifa ya miamala ikaonyesha hela zimehamishwa usiku kwa namba ya siri ya kibanda chake. Akashtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi. Siku ya kwanza ofisini kwangu alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayejiandaa kuondoka. Akaniambia, "Kaka wakili, karatasi yao inasema nimechukua. Sasa mimi nitabishana na karatasi?"

Upande wa mashtaka ulimleta ofisa wa kampuni ya simu kutoa taarifa ile kama kielelezo. Kijana mtanashati, mpole, amevaa kitambulisho shingoni. Alileta na hati ya kiapo, siku hizi ndiyo desturi, ikisema karatasi imechapwa kutoka kwenye mfumo na haijabadilishwa. Nikasimama kwa maswali ya dodoso.

"Shahidi, hii umeichapa wewe?"

"Ndiyo."

"Taarifa zilizomo uliziingiza wewe?"

"Hapana. Zinajiingiza zenyewe."

"Mfumo unazihifadhi wapi?"

"Makao makuu."

"Wewe umewahi kufanya kazi kwenye mfumo wenyewe, huko makao makuu?"

"Hapana, mimi nipo huduma kwa wateja."

"Mfumo ukikosea, utajuaje?"

Akaniangalia kwa huruma kidogo, kama unavyomwangalia mzee anayeuliza kama simu ina mtu ndani. "Wakili, mfumo haukosei."

Mheshimiwa hakimu akaandika jibu lile neno kwa neno. Kielelezo kikapokelewa, na sina ugomvi na hilo. Sheria inaruhusu, na karatasi ile huenda ilikuwa sahihi kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa inajibu swali dogo na kila mtu mle ndani alikuwa anaitumia kujibu swali kubwa. Ilisema namba fulani ya siri ilitumika saa fulani. Ilikuwa kimya kuhusu aliyeibonyeza, simu iliyotumika, mnara uliobeba mawasiliano, na kama kuna muamala uliorudishwa nyuma halafu ukahesabiwa mara mbili. Mambo hayo yote huwa yanabaki kwenye kumbukumbu za ndani za mfumo kwa muda fulani. Hakuna aliyeziomba. Mpelelezi aliona karatasi, akafunga jalada.

Binti aliachiwa huru, lakini nisijisifie. Tajiri wake alipododoswa alikubali kwamba namba ile ya siri aliijua yeye, aliijua mdogo wake, na aliijua muuzaji wa kibanda cha jirani, "kwa ajili ya dharura". Shaka ikaingia, na shaka ikiingia inamfaidi mshtakiwa. Aliokolewa na midomo ya binadamu. Kama tajiri yule angekuwa mtu wa kuficha namba zake, karatasi ingebaki peke yake, na sioni hakimu gani angeipinga.

Nafikiri kwamba kwenye nyaraka za kisayansi nyingine tulishajifunza somo hili, tukaliandika hata kwenye sheria. Mchukue PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari baada ya kumpima mtu aliyeumizwa au kubakwa. Kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu ipokelewe bila daktari kuja, lakini kinaitaka mahakama imwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe ahojiwe. Asipoambiwa, PF3 inaondolewa kwenye kumbukumbu za shauri. Mahakama ya Rufani imeziondoa fomu za namna hiyo mara nyingi mno, na kila mara kuna mwendesha mashtaka anayeshika kichwa. Kwa vielelezo vinavyoshikika, ile rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 ilituwekea kanuni ya mnyororo wa utunzaji: nani alikamata, nani alitunza, alimkabidhi nani, kwa maandishi gani, mpaka kilipofika kwa Mkemia Mkuu na kurudi. Bangi iliyokosa saini moja njiani inaweza kumtoa mtu.

Vinasaba navyo vina uzio wake tangu sheria ya mwaka 2009. Huwezi kutoka barabarani ukaingia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuuliza kama mtoto ni wako. Ombi linapita kwa mahakama, wakili, ustawi wa jamii au chombo kingine kinachotambulika. Wakati huohuo Sheria ya Ushahidi bado inasema mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika mama akiwa hajaolewa tena, ni wa mume, isipokuwa ithibitishwe kwamba wawili hao hawakukutana. Kanuni ya 1872 na maabara ya leo zinaishi nyumba moja, na zikigombana wa kwanza kuumia ni mtoto. Hilo linahitaji makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba mkemia anaweza kuitwa mahakamani, ana jina, ana vyeti, na ukimuuliza sampuli ilikaa wapi usiku wa Ijumaa lazima ajibu.

Kwa nini daktari aitwe na mfumo usiitwe? Nimewauliza mahakimu wawili watatu tukinywa chai, nje ya shauri lolote, na jibu linakuja katika sura ileile moja: tutawaita wahandisi wangapi, foleni za mashauri ziko wapi? Ni hoja ya kweli. Ndiyo hoja iliyoua kifungu cha 69 kule Uingereza. Lakini madaktari hawaitwi kwenye kila PF3. Wanaitwa pale mshtakiwa anapotaka, na wengi hawataki. Ningependa kuona aya moja ikiongezwa kwenye sheria yetu: katika shauri la jinai, ambapo kumbukumbu ya mfumo ndiyo nguzo ya mashtaka, mahakama imwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka aitwe mtu anayeujua mfumo huo, tofauti na aliyechapa karatasi, na kwamba ana haki ya kupewa orodha ya hitilafu zilizoripotiwa kipindi hicho. Kule kwa Hamilton orodha hiyo ilikuwepo. Mafundi walikuwa wanaiandika, ndani, kwa ajili yao wenyewe.

Majirani zetu wa Kenya walilifanyia jambo hili onyesho la hadharani. Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa rais, walalamikaji walisema hitilafu iko kwenye mfumo wa kupeleka matokeo. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, ifungue seva zake zikaguliwe. Tume ikafungua kidogo, ikabania mengi. Tarehe 1 Septemba, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi ukafutwa, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyohiyo: anayekataa kuonyesha kilichomo, mahakama ina haki ya kudhani kwamba kilichomo kinamuumiza. Ni sentensi ambayo ningependa mafundi wa kila kampuni waisome.

Miaka mitano baadaye upepo uligeuka. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu namba 34A, yaani fomu za matokeo za vituo vyake vyote, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti ambayo mtu yeyote aliweza kuifungua. Kesi ikaja tena, safari hii ikiwa na hati za viapo zenye kurasa za kile kilichoitwa kumbukumbu za seva, zikidai kuna waliovamia mfumo. Mahakama ikaamuru ukaguzi, fomu za asili zikalinganishwa na zile za kwenye tovuti, zikaoana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walitupilia mbali ombi, na kuhusu zile kumbukumbu za seva walikuwa wakali: nyingine zilikuwa za zamani, nyingine za kughushi. Kwa hiyo kumbukumbu za ndani nazo si msahafu. Zinaletwa na mtu, na mtu huyo naye adodoswe. (Sisi Watanzania tunayafuatilia haya kama watazamaji tu. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa, iwe kuna seva au hakuna.)

Kuna eneo moja ambako naona hatari inakua kwa kasi kuliko mengine, nalo ni laini za simu. Tangu usajili wa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, uanze, wapelelezi wamezoea mkato: laini imesajiliwa kwa jina lako, basi ujumbe ni wako. Kila mtu mtaani anajua mchezo wa msajili anayekuambia "weka kidole tena, haijasoma". Kidole cha pili kimefungua laini ya pili, na hiyo haitabaki mfukoni mwako. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Nimewahi kuwaomba wateja wafanye hivyo mbele yangu, na nimeona nyuso zikibadilika. Halafu zipo skrinishoti za WhatsApp, ambazo mashauri ya ndoa na kazi yamejaa, na ambazo kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuzitengeneza kabla chai haijapoa. Hizo angalau mahakimu wengi wameanza kuzishuku. Karatasi yenye nembo ya kampuni kubwa bado haishukiwi.

Akili bandia sitaizungumzia sana, kwa kuwa kila mtu anaizungumzia. Mawakili wa New York waliopeleka mahakamani maamuzi yaliyobuniwa na ChatGPT, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023, na nimeona wenzetu hapa wakicheka kana kwamba haitatufikia. Kinachonigusa zaidi ni kidogo na kiko karibu. Mahakama zetu zimeanza kutumia programu inayosikiliza ushahidi na kuuandika yenyewe, ikiweza na kuutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Naikaribisha kwa mikono miwili. Nimeshuhudia majaji wakiandika kwa mkono kuanzia asubuhi mpaka vidole vinakakamaa, na shahidi anaambiwa "polepole, polepole" hadi anasahau alichotaka kusema. Lakini shahidi wa kutoka Mafia au Kibondo haongei kama msomaji wa habari wa redio. Mwenendo wa shauri ndio unaosomwa kwenye rufaa. Kama programu imesikia "nilimwona" pale alipotamka "sikumwona", majaji wa rufaa hawatakuwa na sikio la kusahihisha. Kwa hiyo swali langu kwa programu hiyo ni lilelile nililomuuliza kijana wa kampuni ya simu, na nataka lijibiwe na mtu mwenye jina.

Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilitangaza kwamba inakusanya maoni kuhusu ile dhana ya mashine nzima, robo karne baada ya kuirudisha. Kwetu hakuna aliyetangaza kitu. Kwa hiyo natumia nilichonacho. Nikipokea jalada lenye karatasi ya mfumo, barua yangu ya kwanza inakwenda kwa mwenye mfumo kabla hata sijamhoji mteja mara ya pili, kwa sababu kumbukumbu za ndani hazikai milele na muda ukipita zinafutwa kihalali kabisa. Naomba kifaa kilichotumika, mnara, miamala iliyorudishwa nyuma kwa siku tatu kabla na tatu baada, hitilafu zilizoripotiwa mwezi huo, na majina ya wenye uwezo wa kuingia kwenye akaunti hiyo kutoka makao makuu. Mara nyingi hawajibu. Nikifika mahakamani naomba waitwe, na kwenye maombi yangu naambatisha nakala ya barua ikiwa na mhuri wao wa kupokea.